Wazoa taka wa angani wanastahili heshima
Na Zaituni Makame

Nimeanza kutazama Planetes, tamthilia ya katuni ya Kijapani iliyoanza kurushwa mwaka 2003, na kati ya sehemu zake 26 sijafika hata nusu. Nilichokwisha kukiona kinanitosha kuwasihi wasomaji wangu waitafute. Hadithi za kubuni za kisayansi zimetuzoesha marubani wa vita na wateule wa kuokoa ulimwengu. Hii imewapa ushujaa wazoa taka.

Hadithi yenyewe iko mwaka 2075. Watu wanakwenda Mwezini kikazi na makampuni yanachuma fedha huko juu, lakini njia za kuizunguka Dunia zimejaa mabaki ya roketi na setilaiti zilizokufa. Ndani ya kampuni kubwa ya Technora kuna kitengo cha kuyaondoa. Ai Tanabe, msichana mwajiriwa mpya, anaripoti kazini akiwa na hamu ya anga, kumbe amepangiwa ofisi iliyosongamana ambayo idara nyingine zinaidharau kwa uchache wa watu na uduni wa vifaa. Chombo chao, Toy Box, ni kikuukuu. Na Tanabe anamkuta Hachimaki, kijana atakayemfundisha kazi, amevaa nepi, kwa sababu anayefanya kazi saa nyingi ndani ya vazi la anga hana pa kwenda kujisaidia. Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini watunzi. Wanajua kazi ni nini.

Kisha yupo Yuri, mpole asiye na maneno mengi. Mkewe alifariki chombo cha abiria walichokuwa wakisafiria kilipogongwa na kipande kidogo cha taka. Ameingia katika kazi hii akitafuta dira ya marehemu iliyopotelea angani. Mtu akisikia atadhani mtunzi ametia chumvi, lakini hakutia. Vitu vinavyozunguka karibu na Dunia huenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo skrubu moja huua. Tangu mwaka 1978 mwanasayansi wa Marekani, Donald Kessler, alionya kwamba kila mgongano huzaa vipande vitakavyosababisha migongano mingine. Februari 2009 setilaiti ya Marekani, Iridium 33, na ya Urusi iliyokwisha kazi, Kosmos 2251, ziligongana na kuacha maelfu ya vipande.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na habari hizi. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likasema ni sehemu ya roketi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unalitaka taifa lililorusha chombo kulipa hasara kikianguka na kuharibu mali au kuumiza watu. Lakini fidia huja baada ya madhara. Waswahili wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayerusha roketi kutoka bara jingine hausikii uzito wa chuma kinachomwangukia mkulima.

Tamthilia hii inalijua hilo. Sehemu moja inamleta fundi kutoka El Tanika, nchi maskini ya kubuni ya Amerika Kusini, akiwa amebeba vazi la anga alilolitengeneza mwenyewe na kulihangaikia lipimwe ubora. Wakati huohuo mataifa makubwa yanaivamia nchi yake. Niliitazama kwa uchungu, maana swali lake ni letu: anga ni ya nani?

Kasoro ipo. Tanabe na Hachimaki wanapigiana kelele kupita kiasi, na vichekesho vya ofisini vinajirudia. Mwenye subira avivumilie, kwa sababu baada ya kelele huja mazungumzo ya watu wazima kuhusu mshahara, vyeo, mauti na upendo.

Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, Aprili 2023, na majirani nao wana mipango yao. Nawaunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa tunazihitaji kwa kilimo, misitu na kukabili mafuriko. Ila gharama ya kukiondoa chombo kikishamaliza kazi iwemo katika bajeti ya kwanza kabisa, kabla ya hotuba na makofi. Na huku chini, anayefagia barabara zetu alfajiri alipwe na aheshimiwe kama mtaalamu, kwa sababu bila yeye mji haukaliki. Maendeleo yasiyo na fungu la kuzoa taka zake ni deni wanaloachiwa wengine, na Planetes inalisema hilo vizuri kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzisikia.