Nafasi Harvard: Hesabu Inayotupotosha

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, walimu huniuliza: mtoto huyu aliyepata A ana nafasi gani ya kuingia Harvard? Lugha yetu hulitumia neno "nafasi" kwa kiti kilicho wazi, na papo hapo kwa uwezekano wa kukikalia. Hesabu huanza kuharibika hapo.

Mwaka 2023 Harvard ilipata maombi 56,937, ikawakubali 1,942. Chini ya asilimia 4. Wengi hudhani kwamba kila mwombaji ana asilimia hiyo mkononi, mithili ya tiketi ya bahati nasibu. La hasha! Kiwango hicho kimewachanganya watoto wa wahitimu wa chuo, wanamichezo wanaotafutwa na makocha, na mwanafunzi wa Kakamega asiyejulikana na yeyote. Ushahidi uliotolewa mahakamani Boston mwaka 2018 ulionyesha jinsi makundi hayo mawili ya kwanza yanavyopendelewa. Asilimia ya huyo wa tatu haikuandikwa popote. A yake, aghalabu, humfikisha mlangoni tu.

Walakini kubwa zaidi ni karo. Harvard, Yale, Princeton na MIT humkubali au kumkataa mgeni bila kutazama mfuko wake. Vyuo vingi vingine vya Marekani huutazama kwanza. Kwa hivyo chuo kinachosifiwa kuwa chepesi chaweza kuwa kigumu zaidi kwa mtoto wa maskini kuliko Harvard yenyewe. Mwalimu anayeombwa barua ya mapendekezo na aulize kwanza: ni nani atakayelipa?