Acheni Kupanda Misonobari Usukumani

Ndugu msomaji, leo nataka ugomvi. Sigombani na wazee wa fasihi, hao wamekwisha kusemwa vya kutosha. Nagombana na vijana wenzangu, sisi tunaoandika hadithi za nchi za kubuni na kuziwekea ramani ukurasa wa mbele.

Mimi ni mkazi wa Maswa, hapa hapa Nyalikungu. Wenzangu wananiletea miswada yao kwa sababu nina kompyuta na nazifahamu kiasi hizi programu za kuchora ramani. Nafungua mswada, nakuta ntemi mwenye jina zuri la Kisukuma, watu wake wanalima mtama na kuchunga ng'ombe. Kisha nafungua ramani. Lahaula! Milima yote ina theluji, misitu yote ni misonobari, na kila mji ni ngome ya mawe yenye minara na bendera. Nauliza, hivi hizi ngome kazijenga nani? Jibu ni lile lile: "Kaka, ndivyo programu ilivyokuja."

Ndivyo ilivyokuja! Basi hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza.

Alama zile hazikushuka kutoka mbinguni. Tolkien alipotoa The Hobbit mwaka 1937 alitia ramani ndani, na alichora milima na misitu ya hadithi za kwao. Mwaka 1993 Waingereza wakatoa Campaign Cartographer, na leo ziko Wonderdraft, Inkarnate na nyinginezo, zote zimerithi mkono ule ule. Siwalaumu, maana kila mtu huchora kwao. Namlaumu anayeazima theluji ya mtu kuja kumwagia pamba ya Simiyu.

Msiniambie ramani ya kubuni ni mchezo wa watoto. Sisi wenyewe tumewahi kuwa nchi ya kubuni ya watu wengine. Mwaka 1856 ilichapishwa London ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann. Walikuwa wamekaa pwani wakisikiliza habari za wasafiri wa bara, wakachora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Mwaka 1858 Speke alifika Mwanza, akalitazama ziwa, akalipa jina la malkia wake. Ghuba ambamo Mto Simiyu unamwaga maji yake mpaka leo inaitwa kwa jina la Speke. Mwaka 1885 Rider Haggard akatoa hadithi yenye ramani ya nchi ya Afrika aliyoitunga kichwani, eti imechorwa kwa damu juu ya kitambaa. Mwaka 1929 tukatafsiriwa kwa Kiswahili, Mashimo ya Mfalme Sulemani, na watoto wa shule wakaisoma. Sasa mtu aliyekwisha kuchorwa namna hiyo akishika kalamu yake mwenyewe, achore tena ngome za watu?

Shaaban Robert hakufanya hivyo. Katika Kusadikika, ya mwaka 1951, wajumbe wanatumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Nionyesheni programu yenye kitufe cha mbinguni.

Sisemi tuzitupe kompyuta. Nasema tuzitawale, na kutawala kuna kazi yake. Sikilizeni.

Kwanza, anza na penseli. Tazama ardhi ya Usukuma inavyoshuka: juu kilimani mawe makubwa, chini yake mchanga wa luseni, halafu itogolo ngumu, na bondeni kabisa mbuga nyeusi inayonasa magari masika. Wazee walizipa ardhi hizo majina kwa sababu kila moja ina kazi yake. Mchoraji anayejua hayo hahitaji kuuliza programu aweke wapi kijiji, wapi shamba, wapi malisho. Weka na ngitili, yale malisho yanayofungwa mvua ikinyesha ili mifugo ile kiangazi. Ukishaichora tu, hadithi imezaliwa: nani kaifunga, na nani kaingiza ng'ombe usiku?

Pili, mito. Mito hukutana ikienda chini, haigawanyiki ovyo njiani, isipokuwa huko mwisho inapomwaga. Ukiona mto wako umeunganisha bahari mbili, futa. Na mto usiokuwa na maji mwaka mzima uchore kwa mstari wa kukatika-katika, kama ramani za kweli zinavyofanya. Mto wa mchanga ambamo watu wanafukua kutafuta maji una hadithi kubwa kuliko ule wa buluu.

Tatu, vipimo. Mtu mzima akitembea kilomita 5 kwa saa, kwa saa 8, amekwenda kilomita 40, na hapo amechoka kweli. Shujaa wako anavuka kilomita 300 kati ya alfajiri na magharibi. Kapanda nini, ungo?

Nne, kompyuta kuganda. Mnalaumu mashine, lakini karatasi ya pikseli 8,000 kwa 8,000 inakula kama megabaiti 256 kwa kila tabaka moja. Ukipanga matabaka kumi kwenye laptopu ya gigabaiti 4, usishangae. Ukurasa wa A5 kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi unataka pikseli 1,748 kwa 2,480 tu. Hizo nyingine ni za nini?

Tano, rangi. Vijarida vyetu vinatolewa kwa fotokopi. Kijani na kahawia vyote vinageuka kijivu, nchi nzima inakuwa uji. Chora kwa mistari na nukta, kisha jaribu nakala moja nyeusi na nyeupe kabla hujafurahi.

Sita, majina. Kuna fonti za mapambo zisizokuwa na alama ya ng', na Ng'wanza yako itatoka na kijisanduku katikati. Badili fonti, usibadili jina! Ile ya Azgaar, ya bure, inakubali uingize orodha yako ya majina. Iingize. Na faili lake lishushe kwenye mashine yako, usiliache ndani ya brauza, maana brauza ikisafishwa nchi imekwenda na watu wake. Umeme nao hauagi, basi hifadhi kila mara.

Saba, alama. Chora mbuyu, mgunga, ua la minyaa na boma la ng'ombe kwa kalamu nyeusi, piga picha kwa simu, ondoa weupe kwa GIMP, hifadhi kama PNG. Wonderdraft inapokea alama zako mwenyewe. Ni kazi ya jioni moja. Tena hizo ni mali yako. Alama za kuazima zina masharti, wengine wanakukataza kuuza kitabu chenye ramani uliyochora bure kwao. Soma masharti.

Najua nitajibiwa nini. Kuna mhariri mmoja, simtaji, alimwambia mwenzetu kwamba wasomaji wa mjini wanataka ngome, boma la ng'ombe halina ajabu. Halina ajabu? Njoo nikuonyeshe. Lipo Pori la Akiba linaitwa Maswa, na wilaya ya Maswa ya leo haimo ndani yake. Wilaya zilikatwa, mwaka 2012 hata mkoa ukabadilika, tukatoka Shinyanga tukawa Simiyu, lakini jina likabaki porini kama mzimu wa mpaka wa zamani. Mtunzi gani wa ngome na mazimwi amebuni jambo kama hilo?

Mwaka 2015 vijana wa Dar es Salaam, katika mradi wa Ramani Huria, walipita mitaani na wenyeji wakachora mitaro na maeneo ya mafuriko, mambo yaliyokuwa hayamo kwenye ramani. Hao walichora nchi iliyopo. Sisi tunadai kuchora isiyokuwapo, basi tusiwe wavivu kuliko wao.

Kwa hiyo mswada ujao ukiniletea, kaka au dada, njoo na nchi yako kamili. Iwe na joka, sina ugomvi. Lakini nitauliza joka linakunywa maji wapi mwezi wa tisa, na nitataka kuona kisima.