Ukame Si Zilizala

Imeenea dhana, nayo hutamkwa barazani na magazetini kana kwamba ni neno lisilo na mpinzani, ya kuwa watu wa Kitui na Makueni wako hai kwa hisani ya serikali za ng'ambo, na ya kuwa, tangu Marekani ilipolivunja shirika lake la USAID mwaka 2025, sisi ni maiti tungojao sanda. Dhana hiyo ni batili, na aibu yake kubwa ni kuwa tumeikariri wenyewe.

Chanzo chake ni kuufananisha ukame na zilizala. Tetemeko, mfano wa lile lililoupiga mji wa Bukoba, Tanzania, Septemba 2016, huingia bila ya hodi, na aliyeangukiwa na ukuta hakuwa na la kujihadhari; msaada wa jirani, na Kenya nayo ilipeleka wake, ulikuwa haki yake. Lakini mvua za Novemba, tegemeo letu kuu, zikikatika kunde zikiwa katika maua, hata mtoto mchunga mbuzi ajua Agosti itakuwaje. Balaa iliyopiga hodi miezi tisa yataka ghala, si merikebu za msaada.

Na merikebu hizo tuzitazame vyema. Sheria ya Marekani huagiza kuwa walau nusu ya shehena ya chakula cha msaada ichukuliwe na vyombo vyenye bendera yao. Na wakaguzi wa Bunge lao, mwaka 2007, walikuta kuwa katika mpango wao mkubwa wa chakula cha dharura takriban asilimia 65 ya fedha ilikwenda katika uchukuzi na gharama za uendeshaji. Sijui sadaka ya namna hii mafakihi huiitaje.

Wazee wetu huzipa njaa majina. Yua ya Atta, ya miaka ya sitini, ilipewa jina la unga wa msaada. Na ile ya miaka ya themanini ikaitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa nacho mkononi, kwa kuwa fedha zilikuwamo kifundoni ilhali dukani hamna cha kununua. Hao walikosa soko, na soko halishushwi bandarini.

Sisemi mwenye njaa anyimwe mwolyo, yaani chakula cha msaada, usiku huu. Nasema tuitazame mito ya Kitui, ambako tangu miaka ya tisini watu wa mwethya, yaani vikundi vya kazi ya pamoja, wakiwa na shirika la SASOL, wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta husimikwa juu ya mwamba, mafuriko huujaza mchanga kwa nyuma, na maji hujificha baina ya chembe, mbali na jua na mbu, hata kiangazi mama akafukua kidogo tu akateka kwa kata. Saruji aghalabu ilitoka kwa wafadhili, nakiri. Mawe yalitoka migongoni mwa wanawake, na baadhi yao nimewaona wakiyabeba katika magunia matupu ya mwolyo, ile nembo ya USAID ya mikono miwili iliyoshikana ikiwa imeshafifia kwa vumbi.