Karate Isiyo na Ria

Siku ya tamasha moja la michezo, mbele ya hadhara iliyofurika hata milangoni, nilimwona mtu aliyevaa vazi jeupe la karate na mkanda mweusi akivunja kwa pigo moja la kiganja vigae kumi vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, na umati ukainuka kwa shangwe kana kwamba ameangusha ngome. Nilikuwa nimeketi karibu, na kwa kuwa nimeifuata sanaa hii kwa miaka kadha wa kadha, macho yangu hayakuwa juu ya mkono wake bali juu ya vigae. Baina ya kila kigae na mwenziwe palikuwa na vijiti viwili vyembamba, kimoja upande huu na kimoja upande wa pili. Watu walipokwisha kutawanyika niliinama nikaokota kipande, nikakipima mkononi: kilikuwa kikavu na chepesi, na unene wake haukuzidi wa kifuu cha nazi.

Siri ya vijiti vile ni hii. Vigae vikigusana, mkono hukutana na unene wa vyote kwa pamoja. Vikitenganishwa, hukutana na kimoja tu, nacho kikivunjika huangukia cha pili, na cha pili huangukia cha tatu, hata uzito wa vipande vyenyewe ukafanya sehemu kubwa ya kazi aliyopigiwa makofi yule bwana. Mbao nazo zina hila yake: hukatwa fupi na nyembamba, hukaushwa katika joko, kisha hushikwa kwa namna ambayo nyuzi za mti hulala sambamba na kingo zilizoshikwa, ili ubao upasuke kwa wepesi wa kuni iliyokauka juani.

Sina ugomvi na mtu avunjaye kigae. Kinachonihuzunisha ni wale watoto waliokuwa wamekaa chini mbele yangu, vinywa wazi, ambao bila shaka baadhi yao walikwenda nyumbani wakiwaomba wazazi wao wawaandikishe, na wazazi, kwa mapenzi ya wana, wakatoa ada wakidhani wamenunua karate.

Karate ni mwana wa Okinawa, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Ryukyu, ambavyo zamani vilikuwa ufalme wa peke yake, ukifanya biashara ya baharini na China na kupokea kutoka huko bidhaa pamoja na maarifa, kama mwambao wetu ulivyopokea kwa majahazi, hata Japani ilipoutwaa mwaka 1879. Katika miji ya Shuri, Naha na Tomari wenyeji waliichanganya ilimu ya wageni na mapigano yao ya asili, wakaifundisha kwa siri, mzee mmoja na wanafunzi wawili watatu, uani, usiku. Humo ndimo alimolelewa Gichin Funakoshi, aliyezaliwa Shuri mwaka 1868, mtoto dhaifu wa afya ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa shule. Ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake jinsi alivyokwenda usiku nyumbani kwa mwalimu wake, Anko Azato, akiwa na taa hafifu mkononi mwezi usipokuwapo, akarudia kata moja, yaani mfuatano mmoja wa hatua na mapigo, kwa majuma na pengine kwa miezi, mwalimu akimtazama, wala hakuruhusiwa kugusa nyingine mpaka ile moja imridhishe mzee. Kwa kuwa alirudi nyumbani karibu na mapambazuko, majirani walidhani anatoka katika nyumba za ufuska. Kata tatu za Tekki, ambazo leo kijana mwenye akili nyepesi anaweza kuzikariri kwa siku chache, zilimchukua miaka kumi.

Naomba msomaji aikumbuke miaka hiyo kumi, kwa maana ndiyo mizani yangu katika jambo hili. Mtu haihitaji miaka kumi kukariri hatua thelathini za kwenda kulia na kushoto. Anaihitaji ili mguu ujue wenyewe mahali pa kukanyaga, nyonga ijue wakati wa kugeuka, pumzi ikutane na pigo pasipo kuitwa, na hofu, ambayo ndiyo adui wa kwanza wa kila mpiganaji, izoee kukaa chini kama mbwa aliyefundishwa. Mambo hayo hayaonekani na mtazamaji aliyelipa kiingilio. Ndiyo sababu hayauziki, na ndiyo sababu wauzaji wa mbwembwe huyaacha.

Katika kumbukumbu hizohizo mna kisa ninachokipenda kuliko visa vyote vya mapigano. Funakoshi alikuwa njiani kwenda kwa wakwe zake, amebeba vikeki vya kuweka madhabahuni kwa ajili ya marehemu wa ukoo, mara watu wawili wakamzuia penye miti ya misonobari na kumtaka awape alichobeba. Alikuwa na uwezo wa kuwaumiza wote wawili. Akawapa vikeki, akaenda zake. Alipowasimulia walimu wake, Azato alitabasamu akamuuliza, basi madhabahuni ulitoa nini? Akajibu kuwa hakuwa na kitu, kwa hiyo alitoa dua ya moyo wake. Mzee akafurahi sana, akamwambia kwamba sasa ameanza kuifahamu karate. Wapo watakaosema kwamba huo ni woga uliovishwa kanzu ya hekima. Mimi nasema mwoga huwapa wanyang'anyi kwa sababu hana jingine la kufanya; mtu huyu alikuwa na jingine, akalizuia, na kulizuia huko ndiko alikokuwa akikusomea katika ua wa Azato usiku baada ya usiku. Miongoni mwa kanuni 20 alizowaachia wanafunzi wake imo isemayo kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia, na maneno hayo yamechongwa katika jiwe la ukumbusho wake kwenye hekalu la Engakuji, mjini Kamakura.

Insafu yanitaka niseme pia yale yasiyoisaidia hoja yangu. Karate isingalifika Tokyo bila ya maonyesho, kwa maana mwaka 1922 Funakoshi mwenyewe alikwenda kuionyesha huko, na Jigoro Kano, mwasisi wa judo, akamwalika katika chuo chake. Mas Oyama, aliyeasisi mtindo wa karate uitwao Kyokushin kwa kuchoshwa na mapigo yasiyofika mwilini, alisifika duniani kwa kuvunja mawe na kupambana na mafahali. Maonyesho, basi, si haramu. Lakini baada ya maonyesho yale Funakoshi alikaa Tokyo katika bweni la wanafunzi kutoka Okinawa, akifagia vyumba na kutunza bustani mchana, akifundisha usiku. Na mlango wa Oyama uliingiwa kwa jasho na maumivu. Nyuma ya onyesho palikuwa na kitu. Ninachokataa ni onyesho ambalo nyuma yake hapana kitu isipokuwa onyesho jingine.

Hata mkanda mweusi wenyewe, ambao siku hizi ndio unaotazamwa kwanza, ni mgeni katika sanaa hii. Uliazimwa kutoka judo, na Funakoshi aliutoa kwa wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1924; kabla ya hapo watu wa Okinawa waliishi na kufa katika karate bila ya kujifunga rangi yoyote kiunoni. Leo pana mahali ambapo mzazi huahidiwa siku ya kwanza kwamba mwanawe atapata mkanda huo kwa miezi kadhaa, kama fundi seremala aahidivyo kukabidhi kabati. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza.

Na mwisho wa mbwembwe ni kumhadaa mwenye mbwembwe. Mwaka 2006 huko Japani, mzee mmoja aliyekuwa akiwaangusha wanafunzi wake kwa kupunga mikono pasipo kuwagusa, alipambana hadharani na mpiganaji ambaye hakuwa mwanafunzi wake. Akapunga, mwenziwe hakuanguka. Muda si muda alipigwa ngumi za kawaida usoni, akaanguka yeye. Simcheki mzee yule, bali namwonea huruma, kwa sababu naamini alikuwa mkweli: wanafunzi walianguka kwa taadhima mara nyingi hata yeye akasadiki. Hakuna aliyempenda kiasi cha kumwambia haki, na gharama ya kimya hicho aliilipa kwa damu ya pua yake.

Lipo tukio jingine ambalo watu walilicheka nami nikalitazama kwa moyo mwingine. Tarehe 7 Agosti 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan, ilichezwa fainali ya karate ya Olimpiki ya wanaume wenye uzito wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza. Akarusha teke la juu, nalo likampata Sajad Ganjzadeh wa Irani kwa nguvu hata akazirai na kutolewa kwa machela. Waamuzi wakashauriana, wakamtoa Hamedi kwa kupiga bila ya kujizuia, na dhahabu akapewa aliyekuwa amelala. Vijiweni mzaha ukawa mmoja: mchezo gani huu, ambao aliyezimia ndiye mshindi? Hamedi simlaumu, kwani moto wa fainali ni moto, na fedha aliyoipata aliistahili. Walakini katika hukumu ile mimi niko pamoja na waamuzi. Kurusha teke kwa kasi yote kisha kulisimamisha pale linapoigusa ngozi ya mwenzio ni kazi ngumu kuliko kuliachia lende zake, kama vile kumshika farasi aendaye mbio kulivyo kugumu kuliko kumpiga mjeledi. Karate haikuwamo katika michezo ya Paris mwaka 2024, na nimewasikia wapenzi wake wakinong'ona kwamba ikiongezewa madoido ya sinema huenda ikarudishwa. Nawasihi wasikubali. Ni heri ikae nje na sura yake kuliko iingie na sura ya kuazima.

Sinema, kwa hakika, ndiyo mwalimu wa kwanza wa wengi wetu. Katika mabanda ya video ya miji yetu vijana walijifunza kupiga kelele za Bruce Lee kabla ya kujifunza kusimama, wala hawakuambiwa kwamba alichokifanya hakikuwa karate. Sioni ubaya katika kuvutwa na sinema. Ubaya ni mwalimu anayemkuta kijana amevutwa hivyo, akamwacha palepale kwa kuwa ndipo penye fedha.

Anko Itosu, mwalimu mwingine wa Funakoshi na ndiye aliyeiingiza karate katika shule za Okinawa, aliandika mwaka 1908 nasaha kumi, na katika hizo alimtaka mwanafunzi apige makiwara mara mia moja au mia mbili kwa kila mkono. Makiwara ni ubao uliochimbiwa ardhini, kichwa chake kimefungwa kamba ya majani ya mpunga. Hauvunjiki. Ukiupiga vibaya, kifundo cha mkono kinakuambia papo hapo. Ukiupiga vema, unayumba kidogo na kurudi mahali pake, nao unakungoja tena. Sijapata kuona umati ukiushangilia.

Jioni moja ya katikati ya juma niliketi pembeni mwa ukumbi mdogo wa mazoezi, wenye sakafu ya saruji na taa moja iliyokuwa ikipepesa. Walikuwapo wanafunzi tisa. Kwa muda wa saa nzima walifanya mambo mawili tu: hatua moja ya mbele na ngumi moja, kwenda hadi ukutani na kurudi. Mwalimu, mtu wa makamo asiyesema sana, alipita nyuma yao akigusa bega hili lililopanda, akishusha kiwiko kile. Alipofika kwa kijana mdogo kuliko wote, wa miaka tisa hivi, ambaye kisigino chake cha nyuma kilikuwa kikiinuka kila apigapo, hakumkemea. Alipiga magoti juu ya saruji ile, akakishika kisigino kwa mkono wake, akasema, "Piga, mwanangu." Mtoto akapiga. "Tena." Akapiga tena. Nilihesabu mara ishirini na sita, mwalimu angali amepiga magoti, kabla hajauachilia mguu. Na mara ya ishirini na saba kisigino kilikaa chini chenyewe.

Kwa hiyo namwomba mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe asiende siku ya tamasha. Aende jioni ya kawaida bila ya kutoa taarifa, akae pembeni saa nzima, asiulize habari ya vikombe vilivyopangwa kabatini. Na akimkuta mwalimu amepiga magoti sakafuni ameshika kisigino cha mtoto, amwandikishe.