Treni hutoza kwa kichwa: kadi ya familia ya Uingereza ina la kutufunza

Likizo ya shule ikikaribia, simu yangu huanza kupokea maswali ya aina moja. Fulani amepata viza ya kwenda kumuona mwanawe Uingereza, fulani anampeleka mamake Leicester kuwaona wajukuu, na wote wanauliza: tukishuka Heathrow, nauli za treni za huko zikoje? Jibu langu huwa fupi. Ni ghali, na huzidi kuwa ghali kwa anayesafiri na watu wake bila ya kujua kwamba kuna kadi za punguzo la nauli.

Leo nalieleza jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, jamaa zetu wengi wako kule, na pesa za kuwatembelea huchangwa na ukoo mzima. Pili, kadi zile zinajibu swali ambalo sisi watu wa Pwani hatujaliuliza shirika letu la reli tangu treni ya Madaraka ianze safari mwaka 2017.

Tuanze na hali ya nauli ilivyo. Machi 2025 nauli za treni Uingereza zilipanda kwa asilimia 4.6, na mwezi huohuo bei ya kadi nyingi za punguzo ikapanda kutoka pauni 30 hadi 35. Novemba mwaka huo serikali ikatangaza kuwa nauli inazozidhibiti yenyewe hazitapandishwa tena hadi Machi 2027. Ni afueni, lakini kuisimamisha bei iliyokwisha kupanda si kuishusha. Mgeni anayekata tiketi ya mbali siku ileile ya safari bado ataona bei ya kumtoa jasho penye baridi.

Kadi inayowafaa wenye watoto huitwa Family & Friends Railcard. Kwa pauni 35 kwa mwaka, yaani kama shilingi 6,000 za kwetu, kadi moja huwafunika watu wazima hadi wanne na watoto hadi wanne wa umri wa miaka 5 hadi 15. Watu wazima hupunguziwa thuluthi moja ya nauli. Watoto hupunguziwa asilimia 60 ya nauli ya mtoto, ambayo tangu hapo ni nusu ya ile ya mkubwa. Majina yanayoandikwa kwenye kadi ni mawili tu, na mmoja wa wenye majina lazima awemo safarini. Waliobaki hawaulizwi undugu wao. Awe shangazi, jirani au rafiki wa mtoto, wote huingia.

Tupige hesabu. Tuchukulie nauli ya mtu mzima ni pauni 60 na ya mtoto ni 30. Watu wazima wanne na watoto watatu wangelipa pauni 330. Kwa kadi, kila mkubwa atalipa 40 na kila mtoto 12, jumla 196. Wameokoa pauni 134 kwa safari moja. Ondoa 35 za kununulia kadi, zabaki 99, na kadi bado ina mwaka mzima wa kutumika. Ndiyo maana nasema mwenye familia anayepanda treni kule bila kadi anagawa sadaka asiyoikusudia.

Lakini punguzo lina masharti, na hili nimelijua kwa aibu. Nilimsindikiza mamangu kwa dadangu aliyeolewa Leicester. Siku moja tukaalikwa nikaha Manchester, tukatoka watu wazima wanne, yaani mama, dada, shemeji na mimi, pamoja na watoto watatu. Shemeji alikuwa na kadi, akatukatia sote tiketi za kwenda na kurudi. Kwenda tulikwenda vizuri, tukiisifu kadi njia nzima. Wakati wa kurudi watoto wakalia wabaki na binamu zao hadi mwisho wa wiki. Sisi wakubwa tukaona si neno, tukapanda treni wanne.

Mkaguzi wa tiketi alikuwa mtu mpole. Akaitazama kadi, akavitazama viti vyetu, kisha akauliza: watoto wako wapi? Shemeji akamwambia wamebaki kwa jamaa. Basi, akasema, kadi hii leo haifanyi kazi. Tukalipishwa upya nauli kamili ya watu wanne, na ile akiba tuliyoisifu asubuhi ikaondoka na ziada juu yake.

Mama haijui lugha yao, lakini sauti ya mtu anayekatazwa aliitambua. Akaniuliza polepole, "Kwani tumeiba?" Nikamwambia hatukuiba, tumevunja sharti. Akanyamaza mpaka tukafika nyumbani, ndipo akasema, "Kumbe watoto ndio waliokuwa wametubeba sisi, si sisi tuliowabeba wao."

Sijamsikia mtu akiieleza kadi ile vizuri kuliko hivyo. Punguzo la wakubwa limefungwa kwa mtoto. Lazima awepo angalau mmoja wa miaka 5 hadi 15, na asafiri nanyi kutoka mwanzo hadi mwisho. Akishuka njiani au akibaki alikokwenda, punguzo limeshuka naye. Dini yetu yatufunza kuyatimiza masharti tuliyoyakubali, na aliyenunua kadi ameyakubali, awe ameyasoma au hakuyasoma.

Masharti mengine ni haya. Mtoto wa chini ya miaka mitano husafiri bure, kwa hivyo peke yake hawaletei wakubwa punguzo. Mkitaka kadi ifanye kazi naye, mkatieni tiketi ya mtoto iliyopunguzwa, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko kile wakubwa wanachookoa. Kwa safari za London na kusini-mashariki, kadi haitumiki saa za asubuhi za watu kwenda kazini, Jumatatu hadi Ijumaa. Na kadi iliyo ndani ya simu iliyozimika ni sawa na kadi usiyokuwa nayo, basi mwenye kadi na asipande treni kabla ya kuijaza simu chaji.

Wala usidhani makosa haya ni madogo. Tangu Januari 2023 faini ya kusafiri bila tiketi halali England ni pauni 100 juu ya nauli yenyewe, ikipungua hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21. Mwaka 2024 kulizuka kelele kubwa huko baada ya vijana kushtakiwa mahakamani kwa kuitumia kadi yao ya punguzo vibaya, wengine kwa tofauti ya pauni chache tu. Mgeni mwenye viza mkononi hahitaji kesi ya aina hiyo.

Kwa wazazi wetu kuna njia nyepesi zaidi, nami niliijua mama ameshafunga mizigo kurudi. Aliyetimiza miaka 60 anaweza kununua kadi ya wazee, Senior Railcard, kwa pauni hizohizo 35, naye akapunguziwa thuluthi ya nauli bila ya kufungwa na mtoto. Si lazima awe mkaazi wa kule. Pasipoti yatosha kuthibitisha umri. Mama ana miaka 68. Lau angekuwa nayo siku ile, tiketi yake ingekuwa halali hata kama wajukuu wamebaki. Na kama tungekuwa wengi, yeye angesafiri kwa kadi yake na kuiacha nafasi yake kwenye kadi ya familia kwa mkubwa mwingine.

Nchi nyingine za Ulaya zina kadi zao, na kila moja ina mtego wake. Ufaransa wana Carte Avantage ya euro 49 kwa mwaka. Ile ya watu wa miaka 27 hadi 59 humpunguzia mwenye kadi na mwenziwe mmoja asilimia 30, na watoto hadi watatu wa miaka 4 hadi 11 asilimia 60. Lakini imefungwa kwa safari za mwisho wa wiki, basi ukienda Jumanne na kurudi Jumatano haikufai. Ujerumani wana BahnCard ya punguzo la asilimia 25 na ile ya 50. Hiyo hujiendeleza yenyewe mwaka ukiisha, hadi uivunje kwa maandishi mapema. Mgeni wa mwezi mmoja akisahau kuivunja, deni humfuata hadi nyumbani.

Sasa tuulize: mashirika haya yanafanya hivi kwa huruma? Hata kidogo. Yameijua siri moja ya biashara ya reli. Gari hutoza kwa safari, treni hutoza kwa kichwa. Baba mwenye gari akiwapakia watoto wanne, mafuta ni yaleyale karibu sawa na akienda peke yake. Akiwapeleka kwa treni, kila mtoto ni tiketi. Kwa hivyo kadiri familia inavyokuwa kubwa, ndivyo treni inavyoshindwa na gari. Kadi hurekebisha mizani hiyo. Tena treni ya saa nne asubuhi ikiondoka na viti vitupu, viti vile haviuziki tena, na pauni 196 za familia moja ni bora kuliko kiti kitupu. Na aliyekwisha kuinunua kadi hutafuta sababu ya kuitumia.

Hesabu hiyo naileta Miritini. Treni ya Madaraka ilipoanza, daraja la kawaida kwenda Nairobi lilikuwa shilingi 700. Likapanda hadi 1,000, na tangu Januari 2024 ni 1,500, shirika likitaja bei ya mafuta. Mtoto wa chini ya miaka mitatu ni bure, wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Baba, mama na watoto wanne wadogo watalipa 6,000 kwenda, 12,000 kwenda na kurudi. Kama wawili kati ya watoto hao wametimiza miaka 12, kwenda pekee ni 7,500, maana mtoto wa Gredi ya 7 kwenye reli yetu ni mtu mzima.

Laiti tungekuwa na kadi kama ile ya Waingereza, familia ile ya kwanza ingelipa 2,000 kwa wakubwa na 1,200 kwa watoto, jumla 3,200. Kwenda na kurudi ni 6,400 badala ya 12,000. Shilingi 5,600 kwa mama wa Likoni anayempeleka mtoto hospitali ya Kenyatta si pesa ya kuchezea.

Na familia zetu hazikai nyumbani kwa kukosa hiyo kadi. Hukodi Noah, hujazana watu tisa na mizigo, wakaondoka usiku ili wafike asubuhi. Barabara ya Nairobi sote twaijua, na kuna nyumba hapa Pwani ambazo bado hazijaanua matanga yake. Mtu anayechagua Noah hajachagua kwa ujinga. Amepiga hesabu ya vichwa, treni ikashindwa.

Nitaambiwa reli ile ilijengwa kwa mkopo wa China na deni halilipwi kwa punguzo. Nitaambiwa pia kwamba Disemba treni hujaa, ya nini kupunguza bei ya kiti kinachogombewa? Hoja hizo zina uzito, lakini Waingereza wamezijibu: saa za msongamano kadi haitumiki. Nasi tuweke hivyohivyo. Kadi isitumike wiki za Krismasi na Pasaka, wala siku za Idd, ingawa najua kuna watakaonilaumu kwa hili la mwisho. Itumike siku za katikati ya wiki na miezi ambayo mabehewa huenda na nafasi. Shirika halitapoteza abiria aliyekuwa analipa nauli kamili. Litampata yule aliyekuwa anapanda Noah.

Masharti mawili ningeyaomba yasiachwe. La kwanza, kadi isidai cheti cha kuzaliwa wala kuuliza nani ni mtoto wa nani. Huku kwetu mama husafiri na wanawe, na wa dadake, na yatima anayemlea, na wote wanamwita mama. La pili, umri wa mtoto usogezwe hadi miaka 15, kwani hakuna mzazi aliyeona mtoto wake wa miaka 12 akipokea mshahara.

Wabunge na maseneta wetu wa Pwani wamepiga kelele sana juu ya mizigo ya bandari na reli hii, na walikuwa na haki. Nawaomba sasa wawakumbuke na abiria. Swali moja mbele ya kamati ya uchukuzi litatosha kuanzia: kwa nini reli iliyojengwa kwa kodi zetu humuadhibu mzazi kwa kila mtoto anayempandisha?

Na wewe unayejiandaa kwenda Uingereza, nunua kadi kabla ya tiketi ya kwanza. Mkatie mzee yake. Soma masharti yote, na wakati wa kurudi, kabla ya kupanda treni, wahesabu watoto.