Alama mbili zenye sura moja: mzigo usiachiwe msomaji

Msomaji anafungua kitabu cha Kichina kwenye ordinatere. Kwenye ukurasa anaona wazi alama 水, maana yake "maji". Anaiandika ili kuitafuta, na mashine inamjibu: hakuna. Macho yake hayajamdanganya, na mashine haijasema uongo. Kilichoandikwa mle ndani ni alama ingine, pacha wa ile anayotafuta.

Hili ni tatizo la kweli, na linaanzia kwenye kamusi. Kichina hakina alfabeti ya kupanga maneno A mpaka Z. Kwa hiyo wenye kamusi walizipanga alama kufuatana na mashina, yaani sehemu zinazorudi ndani ya alama nyingi. Mei Yingzuo alitumia mashina 214 katika kamusi yake ya mwaka wa 1615. Kamusi ya mfalme Kangxi, ya mwaka wa 1716, ikafuata mpango huo huo kwa alama zaidi ya 47,000.

Unicode, kanuni inayoipa kila herufi ya dunia namba yake, ilitoa namba za pekee kwa mashina yale 214 mwaka wa 1999. Sababu ilieleweka: kamusi inahitaji kuonyesha shina kama kichwa cha sura, si kama neno. Lakini mashina mengi ni maneno pia. Ndiyo maana "maji" kama neno ina namba 6C34, na "maji" kama shina ina namba 2F54. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni vitu viwili.

Unicode yenyewe inaonya kwamba alama za mashina zisitumiwe kuandika maneno ya kawaida. Hata hivyo zinaingia. Faili ya PDF inahifadhi hasa maumbo ya herufi. Mtu akinakili maandishi yake, programu inapaswa kulirudisha kila umbo kwenye namba yake, na pale umbo moja lina namba mbili, mara ingine inachagua shina.

Kuna wanaosema namba hizo za mashina zifutwe. Haiwezekani: Unicode imejifunga kutoondoa kamwe herufi iliyokwisha kupewa namba, na ni vizuri hivyo, juu maandishi ya zamani yangeharibika. Wengine wanasema msomaji ajifunze kutofautisha. Hapo ndipo kosa lilipo. Msomaji hawezi kutofautisha kitu ambacho macho hayaoni.

Kazi hiyo ni ya wanaotengeneza programu, na sehemu kubwa ya dawa iko tayari. Unicode inatoa njia ya kusawazisha, iitwayo NFKC, inayobadilisha kila moja ya mashina 214 kuwa neno lake. Programu ya kutafuta inaweza kuitumia bila kugusa faili ya mwenyewe. Inabaki kazi kwa kundi la pili la mashina 115 ya nyongeza: kati yake NFKC inabadilisha 2 tu. Kwa mengine, watengenezaji watahitaji njia ingine.

Anayefikiri haya ni mambo ya Wachina peke yao aangalie jina André, la kawaida katika miji ya Kongo. Herufi "é" inaweza kuandikwa kwa namba moja, ao kwa "e" pamoja na alama ya juu yenye namba yake. Programu isiyosawazisha itamwona André mmoja kama watu wawili.

Mwanafunzi anayekosa ukurasa anapoteza saa. Ofisi inayokosa jina inaweza kumnyima mtu haki yake. Kabla mashine haijajibu "hakuna", kwanza iwe imewatafuta mapacha wote.