MISITU YETU, MIZANI YA NANI?

Tarehe 29 Aprili, 2025, nchi za Ulaya zilirusha setilaiti iitwayo Biomass ili kukadiria uzito wa miti duniani. Mawimbi ya rada yake, yenye urefu wa sentimita 70 hivi, hupenya mawingu na majani, yakagonga mashina na matawi makubwa, yakarudi na habari. Lakini juu ya Ulaya na Amerika Kaskazini haipimi, isije ikavuruga rada za kijeshi za Marekani. Kwetu inapima.

Sisi hatupingi elimu. Tunasema hivi: leo kaboni ya misitu inauzwa, na mwenye mizani ndiye mwenye bei. Rada peke yake haijui uzito wa mti. Hulinganishwa na miti iliyopimwa kwa futikamba. Kazi hiyo tumekwisha kuiweza: upimaji wa Tanzania Bara uliotoka 2015 ulionyesha hekta milioni 48.1 za misitu.

Basi vijana wetu wafundishwe kuisoma rada hiyo wenyewe, na kila kijiji chenye msitu kiwe na wapimaji wake. Asiyejua uzito wa mzigo wake hupunjwa sokoni.